Utumbo Mgonjwa Haufungi Kizazi

Maneno ninayoyajibu hapa husemwa kisimani, kwenye foleni ya zahanati, katika vikao vya ukoo, na wakati mwingine na watu waliovaa koti jeupe. Yanamhusu mwanamke ambaye tumbo lake halijatulia kwa miezi au miaka: anaharisha, anatoa damu na kamasi, anakonda, na hedhi yake imevurugika. Katika Kaunti ya Turkana, kutoka Kerio, upande wa ziwani, hadi Lodwar na Kakuma, mwanamke huyo huambiwa mengi kwa uhakika mkubwa: amelaaniwa, ana amiba isiyoisha, hawezi kuzaa, na akishika mimba atupe dawa zote. Baadhi ya maneno hayo yana chembe ya ukweli. Mengi yanavunja ndoa, na machache yanaua.

Ugonjwa wenyewe ni wa utumbo kuvimba na kutoka vidonda kwa muda mrefu, kwa sababu kinga ya mwili inaushambulia utumbo wake yenyewe. Una sura kuu mbili. Kolaitisi ya vidonda hushika utumbo mpana, ikianzia karibu na njia ya haja kubwa. Ugonjwa wa Crohn unaweza kushika popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, na mara nyingi hukaa mwishoni mwa utumbo mwembamba. Magonjwa yote mawili hutulia kisha huamka. Hakuna dawa ya kuyamaliza, lakini zipo dawa za kuyatuliza kwa miaka mingi.

Hoja yangu ni moja: mara nyingi kinachomnyima mwanamke huyu mtoto ni uvimbe ulioachwa bila matibabu na hofu iliyoachwa bila majibu. Ugonjwa ukitulizwa, wengi huzaa kama wenzao.

Dai la 1: "Ugonjwa wa Crohn ni wa Wazungu. Huku kwetu ni amiba."

Ni kweli kwamba majina yalitolewa mbali. Daktari Samuel Wilks wa London aliieleza kolaitisi mwaka 1859. Burrill Crohn na wenzake Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, wa New York, waliandika mwaka 1932 kuhusu ugonjwa uliobaki na jina la Crohn. Lakini mahali ugonjwa ulipopewa jina si mpaka wake. Wakenya wanatibiwa magonjwa haya katika hospitali kubwa za nchi hii. Pasipo na kamera ya kuchungulia utumbo, ugonjwa hauonekani, usipoonekana hauandikwi, na usipoandikwa, watu husema haupo.

Dai hili lina ukweli wake, nao lazima uheshimiwe. Turkana kuna amiba, kuna bakteria wa kuharisha damu, na kuna kifua kikuu. Kifua kikuu cha utumbo hufanana na ugonjwa wa Crohn kiasi cha kuwachanganya hata mabingwa: vidonda vilevile, mahali palepale, kukonda kulekule. Ndiyo maana choo kipimwe kwa hadubini kwanza, na kifua kikuu na virusi vya UKIMWI vichunguzwe, kabla mtu hajaanzishiwa prednisoloni. Dawa hiyo hushusha kinga ya mwili. Mwenye amiba au kifua kikuu akipewa kwa makosa, inaweza kumuua.

Lakini mwanamke aliyepewa metronidazoli, dawa ya amiba, mara tatu au nne bila choo chake kupimwa hata mara moja hapaswi kuambiwa ana "amiba sugu". Ana ugonjwa ambao bado haujatafutwa. Kuharisha kwa zaidi ya wiki nne, damu kwenye choo, kuamshwa usiku na haja, uzito kushuka, vidonda vya mdomoni, viungo kuuma, au jipu linalorudi karibu na njia ya haja kubwa: hizo ni dalili za kuomba rufaa. Kutoka Kerio, rufaa ni Lodwar, kwenye hospitali ya kaunti. Kutoka Lodwar hadi Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, ni zaidi ya kilomita 350. Safari ni ndefu, na kwa kuwa ni ndefu, iandaliwe mapema, kabla mgonjwa hajaanza kubebwa.

Dai la 2: "Amelaaniwa. Apelekwe kwa emuron, si hospitali."

Sina nia ya kumdharau emuron, mwaguzi wa Waturkana, wala wazee. Familia inayotaka kuomba na kutoa sadaka ifanye hivyo, mradi safari ya hospitali isingoje. Wazee wa Turkana husoma utumbo wa mbuzi aliyechinjwa ili kujua habari za mvua na hatari iliyo njiani. Wanafahamu kwamba utumbo hubeba habari, na kwamba si kila jicho linaweza kuusoma. Utumbo wa mtu aliye hai nao una wasomaji wake. Kamera huingizwa, kipande kidogo cha nyama hukatwa, na maabara hukisoma.

Ninachokataa ni lawama. Ugonjwa huu hutokana na mchanganyiko wa urithi wa vinasaba, kinga ya mwili iliyopotoka, bakteria wa utumboni na mazingira. Hautokani na kiapo kilichovunjwa wala mahari isiyomalizika. Haumwambukizi mume kitandani, wala watoto kwenye sahani. Na dawa za mitishamba za kusafisha tumbo kwa kuharisha zisipewe mtu ambaye tayari anapoteza maji na damu, hasa katika joto la Turkana.

Dai la 3: "Hedhi imekatika, basi kizazi kimefungwa."

Hedhi hutegemea hali ya mwili mzima. Ubongo ukihisi kwamba mwili umekonda na unapigana na uvimbe, hupunguza homoni zinazoiamuru ovari kupevusha yai. Hedhi huchelewa, hupungua au hukoma. Prednisoloni ya muda mrefu nayo huweza kuvuruga mzunguko. Kwa msichana ambaye ugonjwa umemwanza kabla ya kubalehe, hasa ule wa Crohn, hedhi ya kwanza huweza kuchelewa na urefu wake kudumaa. Ovari za namna hiyo zimepumzishwa, hazijafa. Mwili ukipata lishe na uvimbe ukishuka, kwa kawaida hedhi hurudi.

Turkana kuna sababu nyingine isiyo na uhusiano na ugonjwa: njaa. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022, misimu mitano ya mvua mfululizo ilifeli katika Pembe ya Afrika, mifugo ikafa na watu wakakonda. Kakuma, mgao wa chakula wa wakimbizi ulikatwa sana mwaka 2025. Mwanamke asiyeona siku zake aulizwe amekula nini kabla ya kuulizwa amekosa nini. Na asikatazwe maziwa na nyama kwa mkumbo, kwa kisingizio cha tumbo. Kwa mfugaji, hicho ndicho chakula chenyewe. Wengine husumbuliwa na maziwa mabichi lakini huyavumilia yaliyoganda. Mwenye sehemu ya utumbo iliyosinyaa ndiye anayepaswa kujihadhari na nyuzi ngumu kama za tunda la mkoma, kwa sababu zinaweza kuziba njia. Kila mtu achunguze tumbo lake mwenyewe, na asipunguze chakula bila sababu.

Mambo mawili yasirukwe. La kwanza ni kipimo cha mimba. Yai hupevuka kabla hedhi haijarudi, na wapo wanaoshika mimba huku wakiamini hawawezi. La pili ni kifua kikuu tena, kwa sababu kinaweza kujificha katika mirija ya uzazi na kuiziba bila hata kikohozi. Huyo asiambiwe kwamba tatizo lake ni utumbo tu.

Dai la 4: "Tumbo la hedhi ni kawaida ya wanawake. Avumilie, ameze Brufen."

Sehemu ya dai hili ni kweli. Siku za hedhi, mji wa mimba hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini ili usinyae na kutoa damu. Kemikali hizo huufikia utumbo ulio jirani, nao husinyaa pia. Hata mwanamke mwenye afya huenda haja mara nyingi zaidi siku hizo, na mwenye kolaitisi au ugonjwa wa Crohn huathirika zaidi. Kwa hiyo si kila kuharisha kwa siku za hedhi ni ugonjwa kuamka upya, na si sababu ya kukimbilia kuongeza dawa.

Njia ya kutofautisha ni kuandika. Kwa miezi mitatu, kwenye kalenda au daftari la shule, aandike siku za hedhi, idadi ya haja, damu kwenye choo, homa na maumivu. Dalili zinazokuja na hedhi na kuondoka nayo mara nyingi ni za homoni. Zinazobaki baada ya hedhi kuisha, au zinazokuja na homa na kukonda, huenda ni za ugonjwa. Daftari hilo litamsaidia daktari wa Lodwar kuliko maelezo ya kukumbuka-kumbuka, na mwanamke asiyejua kuandika anaweza kusaidiwa na binti yake au na mhudumu wa afya ya jamii.

Ushauri wa Brufen ndio wenye hatari. Ibuprofeni, diklofenaki na dawa za jamii hiyo, zinazouzwa dukani kama peremende, zinaweza kukwaruza utumbo na kuuamsha ugonjwa uliotulia. Parasetamoli kwa kipimo sahihi na chupa ya maji moto tumboni ni pa kuanzia palipo salama zaidi. Maumivu yakizidi hapo, daktari aulizwe, maana zipo njia za kupunguza hedhi yenyewe.

Neno "avumilie" limewaumiza Wakenya wengi. Mtangazaji Njambi Koikai, aliyefariki Juni 2024, alitumia miaka akiueleza umma kuhusu endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na za ndani ya mji wa mimba huota nje yake. Tishu hizo zinaweza kuota hata juu ya utumbo, zikaleta maumivu makali na damu kwenye choo wakati wa hedhi. Mwanamke anaweza kuwa na ugonjwa mmoja, mwingine, au yote mawili. Hakuna anayeweza kulijua hilo kwa kumwambia avumilie.

Kisha kuna damu yenyewe. Mwanamke huyu huipoteza kwa njia mbili, hedhi na utumbo, na utumbo uliovimba haufyonzi madini ya chuma vizuri. Hemoglobini ikishuka chini ya gramu 12 kwa desilita kwa mwanamke asiye mjamzito, ana upungufu wa damu. Nyama na damu ya mifugo vina chuma na vinasaidia, lakini havijazi chombo kinachovuja kila siku. Vidonge vya chuma huwasumbua wengine tumbo. Ugonjwa ukiwa mkali, chuma cha kutundikiwa mshipani hufaa zaidi. Kuchoka hadi kushindwa kubeba mtungi wa maji si uvivu. Apimwe damu.

Dai la 5: "Mwenye ugonjwa wa utumbo hazai. Mume atafute mwingine."

Hili ndilo dai katili kuliko yote, na ndilo lisilo na msingi kuliko yote. Wanawake ambao ugonjwa wao umetulia, na ambao hawajafanyiwa upasuaji mkubwa wa nyonga, hushika mimba kwa kiwango kinachokaribiana na cha wanawake wengine. Ugonjwa ukiwa umewaka, uwezekano hupungua: uvimbe hufika hadi karibu na mirija, uzito hushuka, na tendo la ndoa lenyewe huwa na maumivu. Hayo yanatibika kwa kuutibu ugonjwa.

Katika nchi ambazo jambo hili limechunguzwa kwa miaka mingi, sehemu ya tofauti ya uzazi ilitokana na wanawake wenyewe kuamua kutozaa kwa hofu ya kumdhuru mtoto au ya kumrithisha ugonjwa. Mara nyingi hofu hiyo ilijengwa juu ya habari zisizo sahihi.

Upasuaji ndio unaostahili tahadhari ya kweli. Utumbo mpana ukiondolewa wote na mfuko ukatengenezwa ndani ya nyonga kwa utumbo mwembamba, makovu yanaweza kuzonga mirija ya uzazi. Uchanganuzi uliochapishwa mwaka 2006 uliona ugumba ukipanda kutoka takriban wanawake 15 hadi 48 kati ya kila 100 baada ya upasuaji huo. Upasuaji wa matundu madogo hupunguza madhara, na upandikizaji wa mimba kwa njia ya maabara bado unaweza kufaulu. Msichana anayeandaliwa kwa upasuaji wa aina hiyo, Eldoret au Nairobi, ana haki ya kuambiwa haya kabla ya kutia sahihi.

Na mume? Salfasalazini, moja ya dawa za zamani na za bei nafuu za ugonjwa huu, hupunguza idadi na mwendo wa mbegu za kiume kwa muda wote mwanamume anapoitumia. Akibadilishiwa dawa, kwa kawaida mbegu hurudi katika hali yake baada ya miezi miwili au mitatu. Kwa hiyo pale ambapo mwenye ugonjwa ni mume, mke anaweza kulaumiwa miaka kwa jambo ambalo kidonge cha mumewe ndicho chanzo. Wapimwe wote wawili kabla mifugo ya mahari haijaanza kudaiwa.

Dai la 6: "Kinyesi kikipita ukeni ni fistula ya uzazi, ishonwe basi."

Kenya imefanya kampeni nyingi kuhusu fistula inayotokana na uchungu wa kujifungua uliokaa muda mrefu, na kampeni hizo zimewarudishia wanawake heshima yao. Lakini ugonjwa wa Crohn nao unaweza kutoboa njia kati ya utumbo na uke, hata kwa mwanamke ambaye hajawahi kuzaa. Tundu hilo likishonwa huku uvimbe bado unawaka, mara nyingi hufumuka tena. Swali moja linatosha kuwashtua wauguzi: shida ilianza baada ya kujifungua kugumu, au ilitanguliwa na miezi ya kuharisha na majipu? Jibu likiwa la pili, utumbo uchunguzwe kabla ya sindano na uzi.

Dai la 7: "Ukishika mimba, acha dawa zote."

Hapa ndipo nia njema inapofanya madhara makubwa. Mtoto aliye tumboni huumizwa zaidi na ugonjwa uliowaka kuliko na dawa nyingi zinazouzima. Ugonjwa ukiamka wakati wa ujauzito, hatari ya mimba kuharibika, ya mtoto kuzaliwa kabla ya wakati na ya kuzaliwa na uzito mdogo hupanda. Kanuni ambayo madaktari huitumia ni rahisi kuikumbuka: mwanamke akishika mimba ugonjwa ukiwa umetulia, kwa kawaida hubaki umetulia; kati ya wanaoshika mimba ugonjwa ukiwa umewaka, takriban theluthi moja hupata nafuu, theluthi hubaki vilevile, na theluthi huzidiwa. Ndiyo sababu hushauriwa mtu akae katika utulivu kwa miezi 3 hadi 6 kabla ya kutafuta mimba.

Sasa dawa, moja moja. Mesalazini na salfasalazini huendelea. Azathioprini, kwa aliyekuwa akiitumia tayari, kwa kawaida huendelea. Prednisoloni hutumika ugonjwa unapoamka, na kamwe isikatwe ghafla, kwa sababu mwili uliozoea dawa hiyo unaweza kuporomoka. Infliksimabu na adalimumabu, dawa ghali za sindano ambazo wachache hupata Nairobi, nazo kwa kawaida huendelea. Utafiti wa Marekani uitwao PIANO, ulioanza mwaka 2007, uliwafuatilia wanawake katika mimba karibu 1,500. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 hayakuona ongezeko la kasoro za kuzaliwa kwa watoto ambao mama zao walitumia azathioprini au dawa hizo za sindano.

Dawa moja ni mwiko: methotreksati. Huharibu mimba na kumlemaza mtoto. Anayeitumia awe na njia madhubuti ya kuzuia mimba, na aiache angalau miezi 3 kabla ya kutafuta mtoto, kwa mpango wa daktari. Dawa mpya za vidonge kama tofasitinibu nazo huepukwa. Aliyeshtukia mimba akiwa kwenye mojawapo aende hospitali siku hiyohiyo.

Kuna mambo mawili ya kliniki ya wajawazito ambayo hupita bila kusemwa. La kwanza ni asidi ya foliki. Kidonge cha pamoja kinachotolewa kliniki kina chuma miligramu 60 na asidi ya foliki mikrogramu 400. Salfasalazini huzuia ufyonzaji wa asidi hiyo, kwa hiyo mwenye kuitumia huhitaji takriban miligramu 2 kwa siku, kuanzia kabla ya mimba. Aseme anatumia dawa gani, aongezewe.

La pili ni chanjo ya BCG, ambayo nchini Kenya hutolewa mtoto anapozaliwa. Infliksimabu na adalimumabu hupita kwenye kondo la nyuma na kubaki katika damu ya mtoto kwa miezi. BCG ni chanjo yenye vimelea hai. Mwaka 2010 madaktari wa Uingereza waliripoti kifo cha mtoto aliyechanjwa BCG baada ya mama yake kutumia infliksimabu akiwa mjamzito. Kwa mtoto wa namna hiyo, chanjo husogezwa mbele angalau miezi 6, na wataalamu wengine husubiri hadi 12. Katika eneo lenye kifua kikuu kama letu, kuchelewesha huko nako kuna hatari yake, hivyo mtoto alindwe na watu wenye kikohozi, na daktari aamue tarehe. Mama amwambie mkunga kabla ya kujifungua, na iandikwe wazi kwenye kitabu cha kliniki. Watoto ambao mama zao hawakutumia dawa hizi za sindano wachanjwe kama kawaida, siku ileile.

Upasuaji wa kujifungua nao si lazima. Wengi huzaa kwa njia ya kawaida. Wanaoshauriwa kupasuliwa ni hasa wenye majipu au vidonda vilivyo hai karibu na njia ya haja kubwa, na baadhi ya waliotengenezewa mfuko wa ndani.

Dai la 8: "Mtoto atazaliwa nao, au ataunyonya."

Hauambukizi kwa maziwa. Mama anaweza kunyonyesha huku akitumia karibu dawa zote nilizozitaja kuwa salama. Methotreksati na tofasitinibu ndizo zinazokatazwa. Kuhusu urithi, mtoto mwenye mzazi mmoja mgonjwa ana uwezekano mkubwa kiasi kuliko watoto wengine, lakini makadirio mengi hayazidi mtoto 1 kati ya 10. Maana yake, walio wengi hawaupati kamwe. Wazazi wote wawili wakiwa wagonjwa, uwezekano hupanda hadi karibu theluthi moja. Hizo ni namba za kuwasaidia watu kupanga, na hakuna hata moja inayomkataza mtu kuzaa.

Dai la 9: "Uzazi wa mpango utamaliza kizazi kilichobaki."

Kwa mwanamke huyu, kupanga muda wa mimba ni sehemu ya matibabu, kwa kuwa mimba salama ni ile inayokuja ugonjwa ukiwa umetulia. Kijiti na koili haviui kizazi. Vikitolewa, uwezo wa kushika mimba hurudi upesi, na havitegemei utumbo kufyonza chochote. Vidonge vinaweza visifyonzwe vyema ikiwa utumbo mwembamba umeathirika au anaharisha sana. Vile vyenye estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, na ugonjwa huu ukiwaka huongeza hatari hiyohiyo. Sindano ya miezi mitatu ina ukweli wake unaotia hofu: uzazi unaweza kuchelewa kurudi kwa miezi mingi baada ya kuiacha, na hupunguza uimara wa mifupa, jambo baya kwa anayetumia prednisoloni. Haiharibu kizazi, lakini kwa wengi wa wagonjwa hawa si chaguo la kwanza.

Kinachopaswa kufanywa

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na inataja afya ya uzazi kwa jina. Tangu 2013 hospitali za kaunti ziko mikononi mwa serikali za kaunti. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 926,976 Turkana. Kaunti ya watu wengi hivyo inastahili huduma ya uhakika ya kuchungulia utumbo Lodwar, mafunzo kwa wauguzi wa Kerio na Kakuma kuhusu kuharisha kusikoisha, na dawa ya salfasalazini isiyokatika kwenye rafu, dawa ambayo Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu. Sheria ya 2017 inawapa wasichana wa shule sodo bure. Sodo bila choo chenye mlango na maji ni nusu ya msaada, na kwa msichana anayeharisha damu ni chini ya nusu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai, na hapa walisema kweli. Mama, au dada, unayesoma haya tumbo likikusokota: jisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kabla hujazidiwa. Andika siku zako. Nenda na daftari lako, uombe choo kipimwe na damu ipimwe, na useme waziwazi kwamba unataka mtoto, au kwamba bado humtaki. Usiache dawa bila kuuliza. Na wewe mume, mama mkwe, mhudumu wa afya ya jamii, usimwite mgumba mtu ambaye hajatibiwa. Msindikize hospitalini.